Balozi Akirudi, Mpaka Je?



Nimeombwa niseme juu ya Kongo na Rwanda: namna gani inchi mbili zilizovunja urafiki zitapeana tena mabalozi. Wengine watasema hayo ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa na Kigali. Sivyo. Ni mambo ya mama mwenye beseni ya nyanya kichwani, tena yeye aliyaonja mbele ya waziri.

Ninyi mnajua Goma na Gisenyi. Ni miji miwili inayogusana kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Vita ilipoanza tarehe 2 Agosti 1998 mabalozi waliondoka, wakakaa miaka 11 bila kurudi. Lakini watu walizidi kuvuka. Viazi na maziwa vilitoka upande ule, vikwembe vilinunuliwa upande huu. Ni kweli, wakati ule Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda, na njia ile ilitumika kwa mambo mengine pia. Tusidanganyane. Lakini mama wa nyanya si jeshi.

Tarehe 6 Agosti 2009 Rais Kabila na Rais Kagame walikutana Goma. Wakapatana kurudisha mabalozi, kufufua tume ya pamoja ya inchi mbili, na kutoa pamoja gazi iliyo chini ya ziwa Kivu. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Basi, kwa nini furaha ile haikudumu? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye neno. Mwaka ule ule, mwezi wa Januari, majeshi ya inchi mbili yalikwenda pamoja kuwafukuza FDLR, kazi waliyoiita Umoja Wetu. Tarehe 23 Machi serikali yetu ikaandikiana na CNDP, na askari wa CNDP wakaingizwa katika jeshi la Kongo. Lakini FDLR hawakwisha porini. Na askari wale walioingizwa, walimtii nani? Jibu lilikuja mwaka 2012. Waliasi, wakajiita M23 kwa sababu ya tarehe ile ya 23 Machi, na tarehe 20 Novemba wakaingia Goma. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba Rwanda iliwasaidia, Rwanda ikakana.

Sasa angalieni: siku Goma inaanguka mwaka 2012, urafiki wa mabalozi haukuwa umevunjwa. Bendera zilipepea mbele ya nyumba za ubalozi, na mji ukaanguka. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba balozi akirudi amani imerudi, mwulizeni juu ya siku ile.

Mengine mnayajua. Oktoba 2022 serikali yetu ilimfukuza balozi wa Rwanda, Vincent Karega, ikampa saa 48. Januari 2025 urafiki ukavunjwa kabisa, na siku zile zile M23 wakaishika Goma, na Februari Bukavu. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri walitia sahihi Washington. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakaenda kule kule. Siku chache baadaye M23 waliingia Uvira. Wino ulikuwa haujakauka!

Mimi sikatai mabalozi. Inchi jirani isiyo na mtu wa kusema na jirani yake husema kwa bunduki. Lakini kuna sheria moja ambayo wachache wameisikia. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963 juu ya makonsuli yanasema kwamba kuvunja urafiki wa mabalozi si kuvunja papo hapo kazi ya makonsuli. Maana yake, wakubwa wanaweza kununiana, na raia bado akapata karatasi yake, na maiti ikavushwa ikazikwe kwao. Anayemfungia mama njia asiseme sheria imemlazimisha. Amependa mwenyewe.

Kwa hiyo siku wajumbe watakapokuja kutuambia kwamba mabalozi wanarudi, tusipige makofi kwanza. Tuwaulize: Petite Barrière itafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi? Jetoni ya kuvukia, je, itatolewa tena kwa mtu asiye na pasipoti, na kwa bei gani? Nani atahesabu askari wanaotoka, na hesabu hiyo itasomwa wapi? FDLR watanyang'anywa silaha na nani, na tarehe gani? Mjumbe akijibu kwa hotuba, tumwulize tena. Na majibu yaandikwe kwa Kiswahili na Kinyarwanda, yabandikwe pale bariera, mahali mama anaposimama kungoja zamu yake.