MZIGO NA MGONGO

Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Lamu



Halmashauri imenitaka niseme juu ya afya na salama ya watu kazini. Nilipopokea agizo hilo nilifungua kwanza daftari la Mfuko wa Maafa, kwa kuwa mimi ni karani na daftari ndilo jembe langu. Humo nimeona ya kuwa wengi tuliowasaidia hawakulazwa na homa wala na uzee. Ni watu walioteguka migongo gatini, waliopondwa vidole katika machimbo ya Manda, na walioingiwa na vipande vya mawe machoni. Twachanga, twatoa, twamwombea mwenzetu afueni, kisha mbele ya jina lake twaandika neno moja: "ajali". Leo nataka kuliuliza neno hilo swali. Mzigo ule ulikuwa na uzito gani, na ni nani aliyeamuru uchukuliwe?

Swali hili si geni duniani. Mwaka 1700 mganga mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu juu ya maradhi ya watu wa kazi mbalimbali. Aliwashauri waganga wenziwe ya kuwa wamwulize mgonjwa, pamoja na maswali yao ya desturi, kazi yake ni ipi. Aliandika hata habari za makarani, jinsi wanavyodhurika kwa kukaa kutwa na kwa mkono usiopumzika. Naona baadhi yenu mwatabasamu. Ni kweli, karani naye ana ugonjwa wake wa shingo, na dawa yake ni meza ya kimo kinachomfaa na kuinuka mara kwa mara akanyoosha viungo. Lakini shingo yangu haijawalaza wanangu na njaa, basi nitaiacha hapo, niseme habari za wachukuzi.

Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni huja kutazama kuta zetu za mawe ya matumbawe na dari zetu za boriti. Ni heshima kubwa. Lakini hebu lifuateni jiwe moja tu tangu linapotoka. Huko Maweni, kisiwani Manda, mtu hulikata kwa mikono yake na kuling'oa kwa mtaimbo. Mwingine hulichukua mpaka pwani. Hupakiwa chomboni, hupakuliwa Lamu, hutiwa katika shogi la punda, au huwekwa begani mwa mtu mahali ambapo punda hapiti, na mwisho hupandishwa ngazi mpaka kwa mwashi. Jiwe hilo limeinuliwa mara tano au sita kabla halijakaa ukutani, na kila lilipoinuliwa palikuwa na mtu aliyeinama. Msimamizi mwenye akili haanzi kwa kuwahimiza watu wawe hodari. Huanza kwa kuhesabu mara hizo, akatafuta njia ya kuzipunguza. Jiwe likiwekwa juu ya jukwaa la kimo cha kiuno, badala ya kutupwa mchangani, atakayelichukua baadaye hana haja ya kuinama. Mbao nne na misumari zatosha kwa kazi hiyo.

Sasa niseme juu ya uzito wenyewe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilifanya mapatano juu ya mizigo inayochukuliwa na mtu mmoja, na katika pendekezo lililofuatana na mapatano hayo lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Mahali ambapo watu huchukua zaidi, hatua zifanywe upesi kuushusha uzito ufikie hapo. Kwa wanawake na vijana mzigo uwe mwepesi zaidi ya huo. Haya, tupime mambo yetu wenyewe. Mfuko wa saruji una kilo 50. Umo ndani ya kipimo, lakini ni mfuko mmoja, si miwili, na kwa mtu mwenye afya timamu. Gunia la mahindi, ambalo kwalo bei hutajwa nchini mwetu mpaka leo, ni la kilo 90. Hilo ni la watu wawili. Kijana alichukuapo peke yake gatini tukamshangilia, sisi tunaoshangilia tuna sehemu yetu katika yatakayomfika.

Lakini uzito peke yake si shauri lote. Mwenye kutumia mizani ya kuning'iniza anajua ya kuwa kijiwe kidogo, kikisogezwa mbali juu ya mti wa mizani, huinua kitu kikubwa. Mgongo nao hufuata kanuni hiyo hiyo. Mzigo uliokumbatiwa karibu na tumbo huuvuta mgongo kidogo. Mzigo ule ule ukishikwa kwa mikono iliyonyoshwa, misuli ya kiunoni hulazimika kuvuta kwa nguvu nyingi zaidi, na vile visahani laini vilivyo baina ya pingili za uti wa mgongo hubanwa. Mtu akijipinda kiwiliwili huku amechukua mzigo, hatari huzidi. Kwa hiyo miguu ipanuliwe, magoti yakunjwe, mzigo uwe karibu, na anayetaka kugeuka ageuze nyayo zake, si kiuno. Hata hivyo sipendi waajiri wasikie maneno haya nusu, wakadhani kazi yao ni kuwafundisha watu kukunja magoti basi. Kilo 90 ni kilo 90 hata kwa mwenye kukunja magoti vizuri.

Najua mzee mmoja au wawili watasema: baba zetu walichukua mizigo mizito kuliko hii, wala hawakusoma vitabu. Nakubali nusu ya maneno hayo. Baba zetu walikuwa na elimu yao. Mzegazega hugawa mzigo pande mbili, bega likawa katikati kama mti wa mizani. Ngata huukalisha mzigo kichwani usiyumbe, shingo ikasimama wima. Nyimbo za kuvutia chombo pwani hazikuwa mchezo. Zilifanya mikono yote ivute kwa mpigo mmoja, asibaki mtu peke yake na uzito wa watu kumi. Nusu nisiyoikubali ni hii: twawaona wale waliosalimika. Yule aliyevunjika kiuno kabla ya miaka arobaini hakuonekana tena gatini, na asiyeonekana husahauliwa upesi.

Punda wa Lamu wana hospitali yao tangu mwaka 1987, iliyofunguliwa na shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary, na wenye punda hufundishwa wasimpakie mnyama kupita kiasi. Sina kijicho na punda. Ni mwenzetu kazini. Nasema tu ya kuwa bado hatujamwekea mchukuzi kipimo kama hicho. Na upande wa bara, huko Kililana, gati la kwanza la bandari mpya lilianza kazi tarehe 20 Mei 2021, ambako winchi huinua kontena zima bila mtu kushika kiuno. Vijana wetu watakaopata kazi huko wajue ya kuwa mashine nayo ina hatari zake, hasa kwa mtu apitaye chini ya mzigo unaoning'inia.

Nirudi Manda, maana huko ndiko wanachama wetu wengi waliko. Mbali na mgongo, jambo la kwanza ni macho. Kipande cha jiwe kikiruka hakichagui, na miwani ya kazi si pambo. Chokaa hai au saruji ikiingia jichoni, mtu asifikiche. Jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, kisha aende hospitali. Lakini maji hayo yatoke wapi? Manda haina maji matamu ya kutosha. Kwa hiyo maji ya kunywa na ya kuoshea lazima yaletwe kwa chombo kabla kazi haijaanza, si baada ya mtu kuanguka kwa jua. Wakati wa kaskazi yafaa kazi nzito ifanywe alfajiri, na saa za adhuhuri watu wapumzike kivulini. Na akina mama wanaoponda kokoto wameketi chini kutwa, miguu imenyoshwa na mgongo umepinda, wangepata nafuu kubwa kwa kigoda na kwa jiwe la kupondea lililoinuliwa kidogo.

Mafundi wa Matondoni nao nimewatazama. Fundi anayetia kalafati chini ya tumbo la chombo hufanya kazi mikono ikiwa juu ya kichwa na shingo imekunjwa nyuma. Nilimwuliza mmoja kama haoni maumivu, akaniambia maumivu ndiyo saa yake, humjulisha ya kuwa jioni imefika. Chombo kikiinuliwa zaidi juu ya magogo, au fundi akilala juu ya ubao wenye mto, bega hupumzika. Wakata boriti nao wana taabu zao katika matope, hasa majeraha ya miguu kwa mizizi na magome ya chaza. Viatu madhubuti na dawa ya kidonda ndani ya chombo ni akiba yao, kwa kuwa hospitali iko mbali.

Sasa, sheria. Nchi yetu ilikuwa na Sheria ya Viwanda iliyoanza kutumika mwaka 1951, nayo ilitazama zaidi viwanda. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mbili mpya. Ya kwanza, ya Usalama na Afya Kazini, yahusu mahali popote ambapo watu hufanya kazi, machimbo na gati yakiwa ndani yake. Yamkataza mwajiri kumchukuza mtu mzigo ambao kwa uzito wake huenda ukamdhuru mwili. Yamtaka atoe maji ya kunywa na mavazi ya kujikinga, na yamkataza kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari. Ya pili ni ya mafao ya walioumia kazini. Mwajiri akiarifiwa ajali, yampasa kumpelekea Mkurugenzi habari kwa muda wa siku 7. Akifa mtu, Mkurugenzi aarifiwe kwa muda wa saa 24. Ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya kiungo kilichopotea. Na madai yapelekwe kwa muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali.

Hiyo miezi 12 naomba mwishike sana. Mwanachama wetu mmoja, kibarua, alipondwa vidole viwili vya mkono wa kuume. Msimamizi alimpa nauli ya mashua akamtakia afueni. Yeye hakudai kitu, kwa sababu hakuwa na barua ya kazi, naye alidhani asiye na barua hana haki. Sivyo, mapatano ya kazi yaliyosemwa kwa mdomo ni mapatano mbele ya sheria, ila yataka mashahidi. Mfuko wetu ulimsaidia kwa miezi mitatu. Alipokuja kwangu kuuliza, miezi 14 ilikuwa imepita. Fedha ambazo sheria ilimtaka mwajiri azitoe zilitoka katika senti za wachukuzi wenzake, na hata hizo hazikufika robo.

Sisemi Mfuko ufungwe. Mchukuzi ambaye leo huitwa na huyu, kesho na yule, hana mwajiri wa kudaiwa, na sheria hiyo ya mafao haimfikii. Huyo ndiye hasa wa kutegemea Mfuko. Lakini aliyeajiriwa na mtu mwenye mali, tusimlipie mwenye mali deni lake.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mambo mawili mbele ya Mkutano. La kwanza ni daftari la majeraha, ambalo limekwisha nunuliwa nalo liko mezani kwangu. Lina safu za jina, siku na saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa, uzito wa mzigo kama wajulikana, jina la aliyeajiri, na mashahidi wawili. Asiyejua kuandika aje aseme, nitaandika mimi, nami nitampeleka mwenyewe penye ofisi ya kazi. Twaomba wazee wachague watu wawili, mmoja wa Maweni na mmoja wa gatini, watakaoleta habari kila juma. La pili ni mizani ya kupimia magunia, iwekwe karibu na gati mahali ambapo kila mtu ataiona, na mchukuzi awe na ruhusa ya kuutia mzigo juu yake kabla hajautia begani. Bei za mizani nimeziandika katika karatasi aliyonayo Bwana Mweka Hazina, pamoja na bei ya kuiletea kwa chombo kutoka Mombasa.