Mvi za Nyanya



Wapenzi wasikilizaji, leo twataka kusema nanyi habari za nyanya. Si nyanya wa mtu mmoja, bali yule apatikanaye karibu katika kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, kuanzia Mtongwe na Likoni hadi Changamwe na Kisauni. Mwamjua. Ndiye anayefika wa kwanza kwenye sala, amejitanda leso yake, rozari mkononi. Ndiye anayekumbuka ni mtoto gani wa mtaa bado hajabatizwa, na humwuliza mama yake bila kuona haya.

Wahenga walisema, kuishi kwingi ni kuona mengi. Nyanya huyu ameona mengi. Wako akina nyanya waliokuja Mtongwe wakiwa maarusi, wakiwafuata waume zao waliopata kazi katika bandari ya Kilindini. Wako waliotoka Taita, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya Bura mwaka 1892. Utotoni mwao Misa ilisomwa kwa Kilatini, nao wakaitikia maneno ambayo hawakuyafahamu yote. Baada ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, uliofanyika mwaka 1962 hadi 1965, wakajifunza kuitikia kwa Kiswahili. Lugha ilibadilika, lakini hawakuacha kusali.

Nao wameona msiba. Siku ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri iliyojaa watu kutoka Mtongwe kwenda kisiwani Mombasa ilipinduka karibu na ufuo. Watu 272 walikufa. Wengi wao walikuwa wakienda kutafuta riziki tu, kama siku nyingine zote. Kanisa lilikuwa bado katika majira ya Pasaka, lakini Ijumaa ni siku ya kutafakari Matendo ya Uchungu katika Rozari Takatifu. Ni nani angeweza kuyasali siku ile bila sauti kukatika? Na mjukuu anapoachwa yatima, ni nani humpokea kwanza? Mara nyingi ni nyanya. Humwosha, humlisha, kisha humshika mkono wa kuume na kumfundisha Ishara ya Msalaba.

Wapenzi wasikilizaji, Injili yatuonyesha mwanamke wa namna hii. Katika Luka, sura ya 2, twasoma habari za nabii Ana. Aliishi na mume wake miaka saba tu, akawa mjane hadi uzee mkubwa; nayo Injili yataja miaka 84. Hakuondoka hekaluni. Alifunga na kusali usiku na mchana. Yosefu na Maria walipomleta Mtoto Yesu, waliokuwa na elimu na vyeo hawakutambua lolote. Bibi kizee yule alitambua, akamshukuru Mungu, akaenda kuwaambia wengine.

Sasa tujiulize. Kama Ana angeishi katika kijiji chetu leo, tungemwitaje? Ni mjane. Ni mzee sana. Usiku watu wamelala, yeye yu macho, midomo yacheza. Twaogopa kusema, lakini yafaa tuseme: wako majirani ambao wangemwita mchawi. Katika Pwani yetu, na hasa huko Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya maneno hayo uko ugomvi wa shamba. Mvi ambazo kitabu cha Mithali chaziita taji, sisi twazigeuza kuwa shtaka. Mtu anayetuombea usiku, twasema anatuloga!

Hii ni dhambi, ndugu zetu. Si mila, wala si siri ya ukoo ya kufichwa. Anayenong'ona tu singizio hilo ameanza kuokota jiwe. Na anayelisikia akanyamaza, amemshikia mwenzake jiwe hilo.

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliweka Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, iadhimishwe Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana, wazazi wa Bikira Maria, tarehe 26 Julai. Ni jambo jema. Lakini nyanya hali chakula siku moja kwa mwaka, wala upweke haumngoji Julai.

Basi tufanye nini? Kwanza, ikiwa miguu yake haiwezi tena kumfikisha kanisani, tumpashe padre au katekista habari, apelekewe Ekaristi Takatifu nyumbani. Tusingoje mpaka awe mahututi ndipo tukimbilie Mpako wa Wagonjwa. Pili, jumuiya ikasali nyumbani kwake, na watoto wawepo, ili wamsikie akisali. Mtume Paulo alimkumbusha Timotheo kwamba imani yake ilikaa kwanza ndani ya nyanya yake, Loisi. Mtoto asiyekaa na nyanya ataipokea wapi? Tatu, mtu akianza kumsingizia mzee, tusimame wazi upande wa mzee, hata kama msemaji ni ndugu yetu wa damu.

Nyanya ametutaja mbele ya Mungu kwa miaka mingi, jina kwa jina. Siku hizi huenda majina yanampotea. Sasa ni zamu yetu kumtaja yeye.

Tuombe. Ee Baba mwema, uliyempa nabii Ana macho ya kumtambua Mwanao, uwalinde akina nyanya wetu na upweke, njaa na ndimi za uongo. Uwape raha ya milele wote waliofia majini Mtongwe. Nasi utupe moyo wa kuwaheshimu wazee wetu wangali hai. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.