Kidonge cha Siku Moja na Vidonge vya Siku Saba

Jambo tunalotaka kulisema jioni hii ni la aibu katika desturi zetu, na mtu mzima halitaji mbele ya wakwe zake. Lakini aibu haijapata kumponya mgonjwa, nasi tuliokabidhiwa vijana watakaokuwa walimu twaona kwamba kulinyamazia ni kuwaachia wauza dawa wa vichochoroni. Twasema juu ya klamidia katika wanaume, na dawa mbili zinazoitibu.

Klamidia ni kijidudu kisichoonekana kwa macho, nacho huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanamume aliye nacho pengine huona maumivu akienda haja ndogo, pengine hutokwa na ute mwepesi. Na wengi hawaoni dalili yo yote. Huyo asiyeona kitu ndiye wa kuogopwa zaidi, maana humpelekea mkewe maradhi yawezayo kuziba mirija ya uzazi, na mwisho mkewe ndiye ambaye kijiji kizima humwita tasa.

Dawa ya kwanza huitwa doksisaiklini: miligramu 100 asubuhi na miligramu 100 jioni, kwa siku 7. Ya pili huitwa azithromaisini, nayo humezwa gramu 1 kwa mara moja, ikawa basi. Ni nani asiyependa ya pili? Vidonge 14 ni vingi, na mgonjwa akipata nafuu siku ya tatu huvisahau juu ya rafu. Sisi pia tulidhani hivyo, na kwa miaka mingi matabibu wa nchi nyingi walizihesabu dawa hizi kuwa karibu sawa.

Ndipo zilipopimwa. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa huko Los Angeles, Marekani, katika nyumba wanamozuiliwa vijana waliovunja sheria. Vijana wale walimeza dawa mbele ya wasimamizi, hata pasiwe na kusahau. Katika 155 waliopewa doksisaiklini hakuna hata mmoja ambaye dawa ilimshinda. Katika 155 waliopewa azithromaisini, 5 walibaki na ugonjwa. Mtu ataweza kusema, na kwa haki, kwamba nyumbani hakuna msimamizi, na kwamba 5 si wengi. Lakini mwaka 2021 yalitoka matokeo ya wanaume wenye klamidia katika njia ya haja kubwa, na hapo tofauti haikuwa ndogo tena: doksisaiklini iliwaponya wote waliopimwa, azithromaisini ikaponya karibu robo tatu tu. Mwaka huo huo wakuu wa afya wa Marekani waliiweka doksisaiklini mbele.

Tena iko sababu nyingine. Kijidudu kiitwacho maikoplazma jenitaliamu huleta dalili zile zile kwa mwanamume, na ile gramu 1 ya mara moja mara nyingi hukiacha hai, kikiwa kimekwisha kujifunza kuistahimili dawa.

Doksisaiklini ina masharti yake. Imezwe kwa maji mengi, na mtu asilale mara moja baada ya kuimeza, isije ikamchoma umio. Na ngozi yake huungua upesi juani, jambo la kukumbukwa na mkulima. Mke mwenye mimba hapewi hiyo. Yeye hupewa azithromaisini.

Ikiwa ute ni mzito wa rangi ya manjano, yamkini ni kisonono, ambacho vidonge hivi si tiba yake. Huko hutumika sindano ya seftriaksoni, na mara nyingi mtu huwa na maradhi yote mawili pamoja. Kwa hiyo asijinunulie dawa dukani, aende zahanati. Wenzetu wa Mwanza, Tanganyika ya zamani, waliona faida yake kati ya 1991 na 1994: katika vijiji ambako zahanati zilitengenezwa zitibu vema maradhi ya zinaa, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu sehemu 2 katika 5.

Mwisho, mke na mume watibiwe pamoja, nao wasikutane kimwili mpaka siku 7 zimekwisha, hata kwa yule aliyemeza dawa ya siku moja.