Miguu Uliyo Nayo Yatosha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mimi si daktari, ni karani. Maisha yangu yote ya kazi nimeyapitisha juu ya kiti. Lakini kamati yetu imeletewa shauri la kutoa fedha za mfuko wa chama ili inunuliwe mashine ya umeme ya kukimbilia, iwekwe katika ukumbi huu, nami nimeomba ruhusa niseme kabla ya kura kupigwa.

Yaliyonipata ndiyo yanayonisemesha. Miaka mitatu iliyopita tulimzika mwenzetu aliyebakiza miezi michache tu kufikia pensheni yake. Nilipokezwa jeneza nilichukue, kama ilivyo desturi. Hatua hamsini hazikutimia. Moyo ulinienda mbio, pumzi zikanikatika, nikampisha kijana. Nilisimama kando ya njia nikiona haya, nikajiuliza: je, zamu yangu i karibu kiasi gani?

Juma lile lile nilijiandikisha katika nyumba moja ya mazoezi, nikalipa ada ya miezi mitatu, nikanunua viatu vya bei kubwa na saa ya kuhesabu hatua. Nilianza kwa pupa, nikiwaigiza vijana wa miaka ishirini. Juma la tano goti likavimba, nikaacha. Viatu alivichukua mwanangu. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za jambo hili, nikakuta kwamba limechunguzwa tangu zamani, tena kwa watu wa kazi kama zetu. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris alitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa. Makondakta walipanda mamia ya vidato vya ngazi kila siku. Ilionekana kwamba maradhi ya moyo yaliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva. Kadhalika katika posta: wapeleka barua, waliokwenda kwa miguu na kwa baisikeli, walisalimika kuliko makarani waliokaa mezani.

Yamkini mmoja wenu atasema: labda wanene ndio walioshika udereva tangu mwanzo. Morris naye alijiuliza vivyo hivyo, akatazama vipimo vya suruali za sare zao, na mwaka 1956 akaonyesha kwamba kweli viuno vya madereva vilikuwa vinene zaidi. Basi akawatafuta watu ambao wote hukaa: watumishi wa Serikali ya Uingereza, wanaume wapatao 17,000, wenye umri wa miaka 40 hadi 64. Asubuhi ya Jumatatu, bila kuarifiwa mbele, waliandika waliyoyatenda Ijumaa na Jumamosi. Habari zao zilitolewa mwaka 1973: wale walioandika mazoezi ya kuhemesha katika saa zao za mapumziko, hatari yao ya kupatwa na maradhi ya moyo ilikuwa kama theluthi ya hatari ya wenzao. Na katika mazoezi hayo zilihesabiwa kazi nzito za bustani na kutembea kwa haraka, mambo ambayo hayataki umeme. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009, naye alikuwa na umri wa miaka 99.

Tena tusitishwe na hesabu. Zile hatua 10,000 ambazo saa zetu hutudai kila siku hazikutoka kwa madaktari. Zilitoka Japani mwaka 1965, katika jina la chombo kilichouzwa madukani, na maana ya jina hilo ni kipimo cha hatua elfu kumi. Mwaka 2019 ulitolewa uchunguzi wa wanawake wazee wa Marekani: waliofikia hatua 4,400 kwa siku walifariki kwa uchache kuliko wale wa hatua 2,700, na faida iliongezeka mpaka hatua 7,500 hivi, kisha haikuzidi. Nalo Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lamtaka mtu mzima apate kila juma angalau dakika 150 za mwendo wa kupandisha pumzi, na siku mbili za kutia misuli nguvu. Zigawanyeni dakika hizo: ni nusu saa kwa siku tano.

Mimi nazipata hivi. Asubuhi nashuka katika basi vituo viwili kabla ya ofisi, naenda kwa mwendo wa mtu aliyechelewa: naweza kusema, siwezi kuimba. Jioni hali kadhalika. Mafaili yangu nayapandisha ghorofani mwenyewe. Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi nashika jembe. Mvua ikizuia, nakaa kitini na kuinuka mara ishirini bila kujishika. Siku nikikosa, sijilipizi kesho yake kwa kuzidisha. Naanza tena tu. Goti limetulia. Mwezi uliopita tulizika tena, nikalichukua jeneza mpaka zamu yangu ikaisha.

Sisemi kwamba mashine ni mbaya. Aipendaye na aitumie. Lakini mashine moja humfaa mtu mmoja kwa wakati mmoja, yataka umeme na fundi, na sisi tu wengi. Kwa hiyo naomba fedha hizo zinunue kipimo cha shinikizo la damu, kiwekwe kwa mwandishi wetu, kila mwanachama apimwe. Atakayeonekana na shinikizo la juu, au mwenye maumivu ya kifua, amwone daktari kwanza kabla hajajitaabisha. Na kila Ijumaa saa kumi alasiri tutoke ofisini pamoja kwa miguu, na mwenye mwendo wa polepole ndiye atangulie, asije akaachwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Kiti tulipewa na Serikali. Miguu tulikuja nayo wenyewe.