Tapeti za Mafuta katika Injini ya Zamani

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya sehemu ndogo ya motokaa, yenye unene wa kidole gumba tu, ambayo mtu akiikosea huweza kuuharibu mtambo mzima. Sehemu hiyo ni tapeti ya mafuta. Wengi wenu mmekwisha kuisikia sauti yake bila ya kujua jina lake: ni ile tak-tak-tak itokayo juu ya injini ya motokaa kuukuu. Wako watu ambao wakiisikia tu hutwaa spana, wakakaza nati mpaka sauti ikome, kisha wakashukuru kuwa kazi imekwisha. Nia yangu ni kuwaonyesheni kwa nini jambo hilo ni la hatari, na njia iliyo sawa ni ipi.

Kwanza yafaa tuijue kazi ya valvu. Katika injini nitakayoieleza, kila silinda ina valvu mbili, moja ya kuingiza hewa na petroli, na moja ya kutolea moshi. Valvu hizo hufunguliwa na mhimili wenye nundu, ambao mafundi huuita kemshafti. Nundu ikipanda huisukuma tapeti, tapeti huusukuma ufito mwembamba wa chuma, ufito huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili wa roka huikandamiza valvu ikafunguka. Nundu ikiisha kupita, springi huirudisha valvu kitini pake.

Sasa angalieni neno hili, maana ndilo msingi wa yote. Valvu ya kutolea moshi hupigwa na moto mkali sana, na hupoa hasa wakati inapokaa juu ya kiti chake, kwa kuwa joto lake huhamia katika chuma cha kichwa cha injini. Valvu isiyofunga barabara haipati nafasi ya kupoa. Moto hupenya ukingoni mwake na kuula kidogo kidogo, na hatimaye valvu huungua, nguvu ya silinda ile ikapotea.

Tena, chuma kikipata joto hutanuka. Kwa sababu hiyo, katika injini zenye tapeti ngumu, huachwa nafasi ndogo ili valvu ipate kufunga hata kama vyuma vimetanuka. Katika Land Rover za zamani za petroli zenye injini ya lita 2.25, nafasi hiyo ni milimita 0.25, nayo hupimwa kwa jani jembamba la chuma. Lakini nafasi huleta kelele, na vyuma vikilika lazima ipimwe upya. Basi wahandisi wakatafuta njia ya kuiondoa. Cadillac ya silinda 16, iliyotolewa Marekani mwaka 1930, ilikuwa na vifaa vya mafuta vya kuiziba nafasi hiyo. Baadaye njia hiyo ilitumika katika injini nyingi za Marekani, na mojawapo ni V8 ya Chevrolet, iliyoanza kuuzwa katika magari ya mwaka 1955. Injini hiyo ndiyo nitakayoitumia kuwa mfano.

Tapeti ya mafuta hufanyaje kazi? Twaeni pampu ya baiskeli, mzibe mdomo wake kwa kidole, kisha msukume mpini. Mpini utashuka kidogo na kurudi, kwa maana hewa hukubali kubanwa. Kama pampu ile imejaa maji, bila hewa hata kidogo, mpini hautashuka, kwa maana maji hayabaniki. Mafuta nayo ni vivyo hivyo. Ndani ya tapeti mna pistoni ndogo, na chini yake springi laini na mlango mdogo sana. Valvu inapokuwa imefunga, mafuta yasukumwayo na pampu ya injini hupita mlango ule, yakaijaza nafasi iliyo chini ya pistoni, nayo hupanda mpaka pasiwe na mwanya wowote. Nundu inapoanza kupanda, mlango hujifunga, na mafuta yaliyofungiwa hubeba uzito wote kama kwamba ni chuma kitupu. Matone machache huvuja, kisha hujazwa tena mzunguko unaofuata.

Kwa hiyo pistoni ile ndogo sharti isimame mahali ambapo yaweza kupanda na kushuka. Ikiwa nati ya roka imelegea mno, pistoni hufika mwisho wa juu, mwanya ukabaki, na kelele ikaanza. Ikiwa nati imekazwa mno, pistoni hugota chini, na valvu hushikwa wazi. Hapo kelele itanyamaza kweli, lakini ukimya huo ni wa kudanganya, maana valvu imekwisha kuanza kuungua.

Pengine mtu atauliza, “Je, nikisikia kelele nifanye nini?” Nakujibu, usianze na spana, anza na mafuta. Kelele ya sekunde chache, baada ya gari kulala siku nyingi, si ugonjwa, kwa sababu mafuta yalikuwa yameshuka, nayo yanarudi. Kama tapeti nyingi zalia pamoja, tazama kipimo cha mafuta. Yakiwa machache, pampu hufyonza hewa. Yakizidi, krankishafti huyapiga yakawa povu. Na povu ni hewa, nayo hewa hubanika, kama mlivyoona katika pampu ya baiskeli. Kama ni tapeti moja tu iliayo siku zote, huenda uchafu umeukwamisha mlango wake, au imelika. Tapeti ya namna hiyo haiponi kwa kukazwa. Husafishwa au hutiwa mpya.

Nati hurekebishwa wakati roka zilipofunguliwa, au tapeti zilipobadilishwa, au nati yenyewe ilipolegea. Hapo fuateni taratibu hii katika V8 ya Chevrolet ya zamani.

Vuta breki ya mkono, weka gia huru, ondoa waya wa betri, kisha fungua plagi zote ili injini igeuke kwa wepesi. Fungua vifuniko vya roka. Silinda za upande wa kushoto wa gari, tangu mbele, ni 1, 3, 5 na 7. Za kulia ni 2, 4, 6 na 8. Katika kila upande valvu mbili za miishoni ni za kutolea moshi.

Geuza krankishafti polepole mpaka alama ya puli ya mbele ilingane na sifuri, na huku uziangalie roka za silinda ya 1. Zisipotikisika alama inapokaribia, silinda ya 1 iko juu, tayari kuwaka. Zikitikisika, ni zamu ya silinda ya 6. Basi geuza mzunguko mmoja kamili zaidi. Silinda ya 1 ikiwa tayari, rekebisha valvu za kutolea moshi za silinda 1, 3, 4 na 8, na za kuingiza za silinda 1, 2, 5 na 7. Kisha geuza mzunguko mmoja kamili, urekebishe za kutolea moshi za 2, 5, 6 na 7, na za kuingiza za 3, 4, 6 na 8. Hivyo zote 16 zimekwisha.

Kila moja hurekebishwa hivi. Legeza nati mpaka ufito uwe na mchezo. Ushike ufito kwa vidole viwili, uupandishe na kuushusha, huku mkono wa pili ukikaza nati taratibu. Pale pale mchezo unapokwisha, simama: hapo ndipo sifuri. Usingoje mpaka ufito uwe mgumu kuzungushwa, kwa kuwa springi ya ndani ni laini, nawe utakuwa umekwisha kuipita sifuri. Kutoka hapo ongeza mzunguko mmoja wa nati, ambao huishusha roka kwa milimita 1 na kidogo, na pistoni ya tapeti itakaa katikati ya njia yake. Nati hizi hujishika zenyewe. Ikigeuka kwa vidole vitupu imechakaa, itiwe mpya.

Wako mafundi wafanyao kazi hii injini ikizunguka. Hulegeza nati mpaka roka ilie, huikaza mpaka inyamaze, kisha huongeza robo ya mzunguko, wakangoja sekunde 10, robo nyingine, wakangoja tena, mpaka mzunguko mmoja utimie. Kungoja huko si uvivu. Mafuta yaliyofungiwa yahitaji muda wa kuvuja, na mtu akikaza kwa haraka valvu huweza kushuka ikagongana na pistoni kubwa, na ufito ukapinda.

Mwisho, jihadharini na kuchanganya desturi. Aliyezoea Land Rover asiweke jani la chuma kwenye tapeti za mafuta, maana mwanya hautakiwi hapo. Wala asitafute nati hii katika kila injini. V8 ya Range Rover ya mwaka 1970 ina tapeti za mafuta, lakini roka zake hazina nati ya kurekebishia. Kitabu cha injini yenyewe ndicho kitoacho hukumu.

Basi, mmiliki wa motokaa kuukuu akumbuke ya kuwa kelele ni mjumbe. Mjumbe huulizwa habari aliyoileta, hazibwi mdomo. Debe moja la mafuta safi, na saa moja ya subira, ni rahisi kuliko kichwa cha injini kilichoungua valvu.