Hukumu ya Utando: Mhadhara wa Umma juu ya Mpaka wa Seli Hai



Iko itikadi moja katika elimu ya viumbe iliyoishi muda mrefu kuliko dalili zake, nayo ni ile isemayo kwamba utando wa seli ni chujio, yaani kitu chenye vitundu vidogo vidogo kinachopitisha kilicho chembamba na kuzuia kilicho kinene, pasipo kuchagua na pasipo kutumia nguvu. Itikadi hii haikuzuliwa na wajinga. Moritz Traube, mkemia wa Kijerumani aliyetengeneza tando za kemikali mwaka 1867, ndiye aliyeipa sura ya kitaalamu, na tangu hapo imerithiwa kizazi baada ya kizazi, hata leo ukimwuliza kijana wa sekondari kazi ya utando, aghalabu atakujibu bila kusita kuwa ni kuchuja. Nimeazimia jioni hii kuipinga kwa hoja, kwa kuwa naiona inazuia fahamu za vijana wetu, na kwa kuwa, kama nitakavyoeleza baadaye, imewahi kugharimu roho za watu.

Muundo wenyewe wa utando sitaurefusha, maana wengi wenu mnaujua: tabaka mbili za mafuta ya fosfolipidi, vichwa vipendavyo maji vikielekea nje na ndani, mikia ikimbiayo maji ikikutana katikati, unene wote ukiwa takriban nanomita 5, na humo protini zikielea na kusogea, kama walivyofafanua Singer na Nicolson mwaka 1972. Hayo tuyachukue kuwa yamekubaliwa, tuingie katika shauri.

Hoja yangu ya kwanza ni ya ukubwa. Lau utando ungekuwa chujio, kidogo kingepita na kikubwa kingezuiliwa. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 Ernest Overton, akifanya kazi Zurich, alijaribu mamia ya kemikali juu ya seli za mimea na za wanyama, akaona mambo kinyume kabisa. Etha na klorofomu, ambazo molekuli zake ni kubwa zikilinganishwa na ioni ya chumvi, huingia kwa wepesi, ilhali ioni yenyewe, ndogo kama ilivyo, hubaki nje. Kilichoamua kupita au kutopita kilikuwa ni ujamaa wa kitu na mafuta, wala kipimo cha umbo lake hakikuwa na neno la mwisho.

Watetezi wa chujio hujibu kwamba siku hizi tunajua ziko protini zenye njia ndani yake, na kwamba njia hizo ndizo vitundu walivyovitabiri wao. Jibu hili lina sura ya haki, basi na tulipime kwa insafu. Ioni ya potasiamu ina nusukipenyo cha nanomita 0.138, na ya sodiamu nanomita 0.102, sodiamu ndiyo ndogo. Hata hivyo njia ya potasiamu, ambayo Roderick MacKinnon na wenzake walionyesha umbo lake mwaka 1998, hupitisha ile kubwa kwa mamilioni kila sekunde, na kuikataa ile ndogo kwa ukali usio na mfano katika kichungio chochote kilichotengenezwa na mikono ya watu. Sababu yake ni ya ajabu kwa unyofu wake. Ioni hutembea imezungukwa na maji, nayo haikubali kuyavua ila ipate badala yake. Katika sehemu nyembamba ya njia zimepangwa atomi za oksijeni kwa masafa yanayolingana na potasiamu, hata ikivua maji yake hapo haioni hasara, ambapo sodiamu, kwa udogo wake, haiwezi kuzifikia atomi zote kwa pamoja, basi hubaki na maji yake na kurudi ilikotoka. Kukataliwa kwa sababu ya udogo! Chujio gani hufanya hivyo?

Na maji nayo yana ushahidi wake. Mwaka 1992 kundi la Peter Agre liliyatia mayai ya chura maagizo ya kuunda protini moja ya chembe nyekundu za damu, kisha yakawekwa katika maji yenye chumvi haba. Mayai ya kawaida yalitulia, na yale yenye protini hiyo yalivimba na kupasuka. Njia ile, iitwayo akwaporini, hupitisha molekuli za maji kwa mabilioni kila sekunde, nayo huizuia protoni, ambayo ni ndogo kuliko ioni zote.

Hoja ya mwisho, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni ya mwelekeo. Chujio halina uwezo wa kupandisha kitu kutoka kwenye uchache kwenda kwenye wingi. Mwaka 1957 Jens Skou wa Aarhus, akichunguza neva za miguu ya kaa, alikuta katika utando kimeng'enya kinachovunja adenosini trifosfati, molekuli inayoipa seli nguvu, zikiwapo sodiamu na potasiamu. Leo twajua kuwa kila molekuli moja ikivunjwa, sodiamu 3 hutolewa nje na potasiamu 2 huingizwa ndani, mchana na usiku, dhidi ya mteremko wa maumbile. Kazi hii ikisita, seli hujaa sodiamu, huvuta maji, huvimba na kufa. Kitu kinachotumia nguvu na kupinga mteremko hakistahili tena jina la chujio.

Niruhusuni sasa nikae kidogo na makala ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika fani hii. Ni ya mwaka 1925, ya Evert Gorter, tabibu wa watoto wa Leiden, Uholanzi, na mwenzake Grendel. Walichagua chembe nyekundu za damu, na uteuzi huo peke yake ni dalili ya akili iliyokomaa, kwa kuwa chembe hizo kwa binadamu na mamalia hazina kiini wala tando za ndani. Mafuta yake karibu yote ni ya utando wa nje. Walichukua damu ya mbwa, kondoo, sungura, mbuzi, binadamu na panya wa Guinea, wakaiosha, wakayatoa mafuta kwa asetoni, wakayayeyusha katika benzini, wakayadondosha juu ya maji katika sinia la Langmuir. Benzini hupaa, mafuta hubaki yametandaa, unene wa molekuli moja, nawe huyasogeza kwa kigingi hata yakutane bila kupandana, kisha ukapima eneo lake. Eneo lile lilikuwa takriban maradufu ya eneo la nje la chembe zenyewe. Wakahukumu: mafuta yamepangwa kwa tabaka mbili.

Wapo waipunguziao hadhi kazi hii kwa kusema kuwa asetoni haikuyatoa mafuta yote, na kwamba eneo la chembe lilipimwa pungufu kwa kuwa zilikaushwa, hata kasoro mbili zikafutana. Ni kweli, na vipimo vilivyorudiwa mwaka 1966 vilithibitisha hivyo. Lakini aliyeuliza swali sahihi, akateua kiumbe kinachofaa na kujibu kwa sinia la maji na kigingi, ana fadhila ambayo hesabu za baadaye haziifuti.

Nilisema itikadi ya chujio imegharimu roho. Kipindupindu si kigeni kwetu: kilipoingia Unguja mwaka 1869, tabibu James Christie alikuwako, na kitabu chake juu ya maradhi hayo Afrika Mashariki kilichapishwa mwaka 1876. Katika karne ile matabibu wengi walioona maiti waliamini kuwa ngozi ya ndani ya utumbo imebambuka, yaani chujio limetoboka, na kwa hiyo kumnywesha mgonjwa ni kazi bure. Imani hiyo ilidumu hadi mwaka 1960, Eugene Gangarosa na wenzake walipochapisha uchunguzi wa vipande vidogo vya utumbo walivyovitoa kwa wagonjwa walio hai huko Bangkok, wakaonyesha kuwa ngozi ni nzima. Sumu ya maradhi hufungulia njia za kloridi, na maji hufuata. Ila mlango mwingine, ambao Robert Crane aliueleza Prague mwaka huohuo wa 1960, unaoingiza glukosi na sodiamu kwa pamoja, haukuguswa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Nami niliyashuhudia haya ujanani, binamu yangu mdogo alipopatwa. Mzee mmoja aliyekuwa kando ya kitanda alisihi: "Msimpe maji wanangu, tumbo limetoboka." Muuguzi alimjibu kwa adabu, "Halijatoboka, baba," kisha akapima mbele yetu vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akamnywesha kijiko baada ya kijiko usiku kucha. Jioni ngozi ya tumbo ikifinywa ilisimama kama mkunjo wa kitambaa. Adhuhuri ya pili yake ilirudi mara moja, na mtoto akataka uji.

Limebaki jambo moja ninaloliamini. Desturi imekikalisha kiini katika kiti cha enzi cha seli, na wenye rai hiyo wana hoja, kwa kuwa maagizo ya protini zote za utando yameandikwa humo. Chembe nyekundu isiyo na kiini huishi siku 120 tu, wala haiwezi kuzaa. Nimeipima hoja hiyo na kuipa uzito wake. Lakini hizo siku 120 huishi kwa utando, na hakuna seli itakayoishi hata saa moja kwa kiini kitupu. Fauka ya hayo, hakuna seli iundayo utando wake upya pasipo utando uliotangulia. Hukua kwa kuongezwa juu ya ule wa mama, na yai hurithisha utando kama linavyorithisha maagizo. Kwangu mimi, uhai ulianza siku mafuta yalipotenga ndani na nje.

Basi nawasihi walimu na waandishi wa vitabu vya shule: ondoeni chujio katika masomo ya seli. Mfundisheni mtoto kwamba utando huchagua, hutumia nguvu na huweza kukataa kilicho kidogo, na katika somo hilohilo mfundisheni kupima sukari na chumvi ya lita moja ya maji, aelewe ni kwa nini vyote viwili vinahitajiwa pamoja.