Kioo Kilichookotwa Ufuoni



Katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza uko mji uitwao Seaham. Tangu mwaka 1853 hadi 1921 palikuwako kiwanda kikubwa cha chupa, na vioo vilivyovunjika, pamoja na mabaki ya kazi ya kila siku, vilitupwa baharini. Havikuhesabiwa kuwa kitu. Lakini leo watu husafiri mpaka Seaham, wakainama ufuoni kuvitafuta vipande vile vile, ili vitiwe katika herini, pete na vidani.

Ni nini kinachowavuta? Kwa miaka mingi mawimbi yamevisugua vipande hivyo juu ya mchanga na mawe, hata makali yakaisha. Maji nayo yameula uso wa kioo polepole, kikapoteza mng'ao na kufanana na kioo kilichopuliziwa pumzi. Kipande ambacho kingaliweza kumkata mtoto mguu, sasa mama hukivaa shingoni bila hofu. Rangi ya kijani, ya kahawia na nyeupe huonekana mara nyingi, kwa kuwa ndizo rangi za chupa. Nyekundu ni adimu.

Sonara mwenye busara hakisugui tena kipande hicho ili king'ae kama kipya. Akifanya hivyo ameondoa jambo lile lile linalompendeza mnunuzi. Hukizungushia waya wa fedha, au hukitoboa tundu dogo taratibu, kikiwa majini kisije kikapasuka, basi. Wako wanaovizungusha vioo vipya katika mashine pamoja na mchanga, vikafanana na vya bahari kwa muda wa siku chache tu. Lakini wajuzi huvitambua.

Ndugu zangu, hatusifu kutupa taka baharini. Twajifunza kwa yule aliyeinama akaokota. Katika makanisa yetu wako waliovunjika: aliyetoka kifungoni, aliyeacha ulevi, mama aliyeachwa na mumewe. Mara nyingi twasema tumewapokea, kumbe twangoja wawe kama watu wasiovunjika kamwe. Twataka wafiche habari zao, tena wapone upesi, kama kwa mashine.

Nabii Yeremia, katika sura ya 18, alimwona mfinyanzi ambaye chombo kilimharibikia mkononi, wala hakuutupa udongo ule. Alifinyanga chombo kingine. Ikiwa Mungu huyafanya upya yaliyoharibika, sisi ni nani hata tuyatupe?

Basi Jumapili ijayo, ndugu huyo akiingia kanisani, ataketi na nani? Tusimwachie benchi la nyuma peke yake. Tumsogelee, tumpe mkono, tumpe na kazi ya kufanya pamoja nasi. Alama zake zisitutie haya; huenda ndizo zitakazomfariji mwingine aliyevunjika jana.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeinama kutuokota, utufundishe nasi kuinama. Amina.